Keki Iliyokwaruza Platinamu

Profesa Doornbos alikuwa mtu wa heshima zake, mpaka asikie kisu kinagusa sahani. Hapo heshima ilivaa koti ikaenda zake, akabaki yeye na tumbo lake. Sisi wa ghorofa ya tatu tulilijua hilo na tulikuwa tunamcheka chinichini, maana alikuwa bosi na alikuwa mtu mzima. Hakuna aliyewaza kwamba ulafi wa mzee mmoja unaweza kupenya ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, ukaenda kuvuruga miaka minne ya kazi ya Wietske.

Wietske Hoekstra ni rafiki yangu. Tulikuwa tukikaa chumba kimoja, meza kwa meza, yeye akiandika tasnifu yake ya udaktari, mimi Gijs nikijifanya naandika yangu. Kazi yake, ukiivua maneno makubwa, ilikuwa kuvunja ndoa. Haidrojeni hutembea wawiliwawili: atomu mbili zimeshikana, na haziachani hivihivi. Lakini ukizigongesha kwenye platinamu, baadhi huachana. Watu wa fani yetu wamegombana miaka na miaka juu ya swali moja tu: huachana sehemu gani ya platinamu?

Wietske alikuwa na visahani viwili vya platinamu, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha shati. Cha kwanza kilisuguliwa mpaka kikawa uwanda mtupu, atomu zimejipanga sawasawa, tulikiita Bapa. Cha pili kilikatwa kwa mshazari, kwa hiyo uso wake ulikuwa na vidato vidogo visivyoonekana kwa macho. Huyo alikuwa Ngazi. Ukimpulizia Bapa haidrojeni ya polepole, molekuli nyingi zinagonga na kurudi zilikotoka, bado zimeshikana. Ukimpulizia Ngazi, zile zinazoangukia ukingo wa kidato huachana palepale. Dai la Wietske lilikuwa hilo: kinachoachanisha ni ukingo, na molekuli lazima iangukie ukingoni penyewe.

Bahati mbaya, kule kaskazini alikuwepo Profesa Van Zwieten, aliyejenga jina lake juu ya dai jingine. Yeye alisema molekuli ikitua popote huteleza, hutangatanga kwenye uwanda, na mwisho huachana hata pasipo na ukingo wowote. Na huyo Van Zwieten ndiye aliyepangwa kuwa mpinzani wa Wietske siku ya kuitetea tasnifu, mbele ya watu, mbele ya wazazi, mbele ya kila mtu.

Sasa basi. Asubuhi nyingi Bapa alikuwa na adabu zake: haidrojeni inagonga, inarudi. Lakini asubuhi nyingine, bila sababu, Bapa aliamka na tabia za Ngazi, anaachanisha haidrojeni kama hana haya. Kwenye mchoro wa Wietske vipimo vya siku hizo vilining'inia juu peke yake, kama nzi kwenye ukuta mweupe.

"Vifute," nilimwambia.

"Nivifute? Una wazimu, Gijs? Van Zwieten ameshaviona! Nilivionyesha mwenyewe mkutanoni, kwa kiherehere changu. Unajua aliniambia nini? Eti, 'Asante, binti, umenifanyia kazi yangu.' Na akanipa mkono!"

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia karibu sana. Nilimwambia karibu sana, Gijs, kama mjinga!"

Kabla sijaendelea inabidi nieleze tunavyopika platinamu. Platinamu huchafuka hata ikikaa kwenye utupu, kwa hiyo kila asubuhi unaipiga kwa gesi ya argoni mpaka uchafu ung'oke. Kipigo hicho huacha uso una vishimo, atomu zimetawanyika ovyo. Ndipo unaipasha moto mpaka iwe nyekundu, unaiacha katika moto huo kwa muda wa kutosha, na atomu zinarudi moja moja mahali pake mpaka uso unakuwa laini tena. Profesa Doornbos hakumruhusu mtu yeyote kugusa moto huo. Alikuwa akisimama mwenyewe mbele ya kidirisha, mkono mmoja kwenye swichi, akichungulia wekundu kama mpishi anayengoja sukari iive.

"Saa ni ya watu wa treni," alikuwa akisema. "Platinamu unaiangalia machoni."

Tena lazima nieleze kahawa. Saa nne na nusu kila mtu huacha alichoshika na kwenda kunywa kahawa. Siku ya kawaida unapata kikombe kimoja na biskuti moja kutoka kwenye kopo, halafu kopo linafungwa, na ukiomba ya pili watu wanakutazama kama umeomba figo. Lakini mtu akiwa na siku yake ya kuzaliwa, yeye mwenyewe huleta keki ya kuwalisha wenzake, na hapongezwi yeye tu, watu wote hupongezana. Siku hiyo anayechelewa anakuta makombo na pole nyingi.

Siku ya kuzaliwa ya Wietske ilifika, akaja na boksi la keki za krimu zile zenye sukari ya waridi juu, ambazo hakuna binadamu amewahi kuzila bila kujipaka usoni. Akapita nalo mbele ya chumba cha mashine. Profesa alikuwa kidirishani, Bapa ndani mwekundu kama kaa la moto. Wietske akaingia jikoni, akaweka boksi mezani, akageuka kutafuta kisu. Alipogeuka tena, Profesa alikuwa ameshakaa, kitambaa kifuani.

"Prof! Na platinamu?"

"Tayari."

"Si ilikuwa nyekundu sasa hivi tu?"

"Nimesema tayari. Hongera sana! Hongera na wewe, Gijs, kwa siku ya kuzaliwa ya Wietske. Haya, hiyo kubwa ni ya nani?"

Mchana huo Bapa aliachanisha haidrojeni kwa fujo. Wietske akaja mezani kwangu, mashavu yamemshuka.

"Umekula nyingi?" nikamuuliza.

"Gijs. Zile siku mbaya. Siku ile ya katibu alipofikisha hamsini, unakumbuka? Na ile ya yule Mchina aliyeleta keki ya chai ya kijani. Na ya kwako, Oktoba. Zote ni za keki. Haidrojeni haina kosa. Mzee anauzima moto mapema akimbilie keki!"

Nilicheka mpaka nikalala juu ya meza. Yeye hakucheka. Alikaa chini, akaniambia kinachomsumbua, na baada ya hapo hata mimi niliacha kucheka. Kama angeeleza ukweli, ingemlazimu kusema kwamba Doornbos, anayestaafu kiangazi hicho, mtu aliyepika platinamu maisha yake yote, ameharibu vipimo kwa ajili ya krimu. Kama asingeeleza, Van Zwieten angevichukua vile vipimo na kuzika dai lake. Na Doornbos si mtu wa kuaibishwa ovyo. Baba yake Wietske alipougua, yule mzee alimshikia Wietske zamu zote, akawa anakesha na mashine, na hakuwahi kulitaja hilo hata mara moja.

"Kwanza nitamwomba kwa upole niwe napasha mwenyewe, kwa saa," alisema.

Akaenda. Sauti ya Profesa niliisikia kupitia milango miwili.

"Saa? Mimi? Nilikuwa napika platinamu wewe hujajua hata kupika yai! Nani kakwambia nina haraka? Mimi sina haraka!"

Ndipo tukaamua kumpima. Vile vipimo vibaya vilitoka mkononi mwake, kwa hiyo mkono uleule ndio ulipaswa kupimwa, na haukupaswa kujua. Tulihitaji keki siku ambazo hazina sherehe. Shida ni kwamba ghorofa nzima ina watu wachache, na kila mmoja huzaliwa mara moja.

Tukazusha. Mimi nilizaliwa upya mwezi wa pili. Katibu, tuliyempa siri yetu akaipokea kwa furaha isiyomfaa mtu wa umri wake, alisherehekea miaka kadhaa ya baiskeli yake. Wietske akaleta keki ya tufaha kwa sababu dada yake amepata leseni ya kuendesha gari, na wiki nyingine akaleta keki ya kahawa kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya paka wake. Kila mara Profesa alitupongeza wote, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Siku yangu ya uongo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Hongera Gijs, na mama yako mfikishie hongera zangu." Nilitamani kuingia chini ya meza.

Na kila siku ya keki Wietske alimpiga Bapa picha. Kuna mashine inayourushia uso wa platinamu elektroni na kukurudishia nukta: uso ukiwa laini nukta ni kali, ukiwa umekwaruzika zinafifia. Jamani, mambo yalikuwa mazuri mno. Keki kavu ya viungo, ile inayokaba koo, ilimtoa Profesa kidirishani mapema kidogo tu, na nukta zilififia kidogo. Ya tufaha, zaidi. Ya krimu ilimtoa mbio, nukta zikawa ukungu, na Bapa akaachanisha haidrojeni kama Ngazi mwenyewe. Siku za biskuti moja Profesa hakuona sababu ya kukimbia, na Bapa alitulia kama mtoto aliyeshiba.

Kwenye tasnifu Wietske aliandika sentensi moja ya heshima: kwamba katika siku kadhaa muda wa kupasha moto haukutosha. Picha zote akaziweka. Jina hakuliweka, na aliniapia kwamba halitatoka kinywani mwake.

Siku ya utetezi ikafika. Mimi na dada yake Wietske tulikuwa wapambe wake, tumevaa suti ndefu za kukodi, tumesimama kila mtu upande wake kama wasimamizi wa harusi. Mbele yetu maprofesa wamevaa majoho meusi na kofia, Doornbos katikati yao. Kwa desturi, yeye kama mlezi wa tasnifu hatakiwi kumjibia mwanafunzi wake. Mkewe alikaa safu ya mbele na wakwe wawili. Utetezi huchukua robo tatu ya saa, halafu mhudumu wa sherehe huingia na fimbo yake na kutangaza kwa Kilatini kwamba muda umetimia, na hapo hata sentensi iliyo nusu hukatwa.

Van Zwieten alipopewa zamu alivua kofia, akatabasamu.

"Mtahiniwa mheshimiwa. Nimefurahishwa na sentensi yako moja. Unasema muda wa kupasha haukutosha. Kwa nini haukutosha?"

"Mpinzani mwenye elimu tele," Wietske alisema, maana ndivyo unavyotakiwa kuanza kila jibu hata kama unataka kumtupia mtu kiatu, "aliyekuwa anapasha aliondoka mapema."

"Akaenda wapi?"

"Kunywa kahawa."

"Kahawa tupu?"

Watu wakaanza kuchekacheka. Wietske akavuta pumzi.

"Na keki."

"Unajuaje kwamba ni keki? Je, kama platinamu yako siku hizo ilikuwa bapa kabisa, na haidrojeni iliachana kwenye uwanda, kama mimi nilivyosema miaka yote?"

"Mpinzani mwenye elimu tele, tulipima. Tulileta keki siku zisizo na sherehe. Keki ilivyokuwa tamu zaidi, ndivyo uso ulivyokwaruzika zaidi, na ndivyo haidrojeni ilivyoachana zaidi. Picha ziko kwenye kiambatisho."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mama yake Wietske alikuwa anajifuta macho. Mimi nilimtazama Doornbos: ametulia, mikono juu ya meza, uso mwekundu mpaka masikioni.

"Na huyo mla keki ni nani?" Van Zwieten aliuliza.

"Jina lake halibadilishi kipimo."

"Kubadilisha au kutobadilisha nitaamua mimi. Nani?"

Wietske akajizuia kumtazama Doornbos. Akanigeukia. Kwa desturi mtahiniwa anaweza kumtaka mpambe msaada, na mimi mpambe hodari nikatazama viatu vyangu. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na kila mtu pale ndani alikuwa anaona kwamba msichana ana jibu na analimeza.

Ndipo Profesa Doornbos akavua kofia.

"Mla keki ni mimi," alisema. "Na nilijua."

Mwenyekiti akakohoa kumkanya. Doornbos hakumwangalia.

"Ulijua nini, mwenzangu?" Van Zwieten aliuliza, sauti imelainika kama siagi.

"Nilijua ni uongo. Gijs alizaliwa Oktoba, siku ile ya sikukuu ya mji, watu wote wanakula samaki mbichi na mkate mweupe, nani atasahau? Mwezi wa pili anazaliwaje? Na yule paka alikufa mwaka juzi, mimi mwenyewe nilimpa Wietske ruhusa ya kwenda kumzika."

Ukumbi ulilipuka tena, lakini Van Zwieten hakucheka. Alikuwa ameshaona mlango.

"Basi tuelewane, mtahiniwa. Aliyepimwa alijua anapimwa. Anaweza kuwa alikimbia kwa kuwa alijua mnataka akimbie. Kipimo chako chote ni mchezo wa kuigiza! Kimekufa. Na kikifa, Bapa wako bado anaachanisha haidrojeni, na dai langu bado ni sahihi."

Kicheko kikazimika. Mzee alitaka kumwokoa, na sasa amemzamisha mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Rangi ilikuwa imemtoka. Alikuwa ameshalielewa hilo kabla yetu sote.

Wietske aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alikuwa na ile sura aliyokuwa nayo akija na wazo la kumsingizia paka.

"Mpinzani mwenye elimu tele," alisema polepole. "Aliyejua ni Profesa. Platinamu haikujua. Haikujua ni siku ya nani wala keki ya nini. Yenyewe inajua moto tu. Moto ukizimwa mapema, atomu hazipati muda wa kurudi mahali pake, vishimo na kingo vinabaki, nukta kwenye picha zinafifia, na haidrojeni inaachana. Moto ukiachwa ukamaliza kazi, kingo zinapungua na haidrojeni inarudi nzima. Aliyeuzima awe alikimbilia krimu, au alituchezea, au aliwahi treni ya kaskazini, haidrojeni haimuulizi."

Mtu mmoja nyuma akapiga kofi moja, akajizuia. Van Zwieten alifungua kitabu, akafunua mpaka kwenye kiambatisho, akazitazama picha kwa mara ya kwanza, nadhani, kwa dhati.

"Je, ipo siku yenye keki," aliuliza, safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, "na moto ukaachwa ukamaliza?"

"Ipo. Picha ya mwisho. Siku hiyo tulileta keki ya lozi."

"Ikawaje?"

"Profesa hapendi lozi. Alikaa kidirishani mpaka mwisho. Bapa akawa bapa."

Van Zwieten akaitazama ile picha muda mrefu. Nukta zake zilikuwa kali kama sindano. Akakifunga kitabu, akavaa kofia yake, akasema hana swali jingine. Mhudumu akaingia na fimbo.

Maprofesa waliporudi kutoka faraghani, Doornbos ndiye aliyesoma maneno ya kumpa udaktari. Alikosea Kilatini mara mbili na hakuna aliyethubutu kucheka. Van Zwieten alimpa Wietske mkono wa kwanza, akamwambia atakwenda kuzitazama upya platinamu zake zote, na alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa nyumba yake ina ufa.

Ukumbini watu walipoanza kumiminiwa vinywaji, Wietske alimvuta Profesa mpaka kwenye ukumbi mdogo wa ngazi. Mimi nikawafuata, maana suti nilikuwa nimekodi mpaka jioni na mbea hana likizo.

"Prof, kama ulijua, si ungesema tu? Ungeniambia tu!"

"Nilijaribu," alisema mzee. Alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia yake. "Ile siku ya paka nilikuja mpaka mlangoni kwenu, nimeshapanga maneno. Nimekosea, moto nimekuwa nauzima mapema, vipimo vyako nimeviharibu mimi. Nikawasikia mnacheka ndani, nikarudi. Nilikuwa naona haya, Wietske. Miaka yote hii najisifu, halafu niseme keki? Lile neno lilikataa kutoka. Nikaona basi, mnanitafuta, acha mnipate. Nikawa nauzima moto na kuondoka makusudi, kadiri ya keki, ili mchoro wako ukae sawa."

Wietske alimtazama, midomo inamcheza.

"Makusudi? Hata ile ya krimu?"

Profesa alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa.

"Ile ya krimu, hapana," alisema.

Ndipo Dokta Wietske Hoekstra alipolia, kwa mara ya kwanza siku ile, huku anacheka, akamkumbatia mzee na joho lake lote.